SHANGAZI: Bosi anataka kila shilingi ya msaada irudi na mwenzake

Kwako Shangazi,

Nina umri wa miaka 33, mama wa mtoto mmoja, na nafanya kazi katika kiwanda cha sabuni hapa Nairobi, upande wa Industrial Area. Jina la kiwanda naomba nilibane. Mimi ndiye ninayeshughulikia misaada ambayo kampuni hutoa kwa shule, makanisa na vikundi vya vijana. Ofisini tunaiita CSR, na siku hizi hata walinzi wa getini wanaijua. Mtu akija na barua ya kuomba msaada wanamwambia, "Nenda kwa dada wa CSR."

Mwaka huu tulipata mkurugenzi mpya. Si mtu mbaya. Anasalimia kila mtu, mishahara haicheleweshi, na mauzo yamepanda tangu aje. Lakini siku ya kwanza tuliyoketi naye aliniambia neno ambalo halijanitoka masikioni: "Kila shilingi utakayotoa hapa lazima irudi na mwenzake."

Mwezi uliopita aliniagiza niandae mradi wa kupeleka matangi ya maji katika shule moja ya msingi huko Mukuru, mtaa wa mabanda jirani na kiwanda. Nilifurahi, maana shule ile naijua. Watoto wanakwenda na maji ya kunywa kwenye chupa kutoka nyumbani, na ya kunawa hakuna. Kisha bajeti ikarudi kutoka idara ya mauzo. Jumla ni shilingi 2,600,000. Matangi manane pamoja na misingi ya kuyakalisha ni 900,000. Zilizobaki, 1,700,000, ni za mahema, fulana zenye nembo yetu, mshereheshaji, droni ya kupiga picha kutoka juu na usafiri wa wanahabari. Hakuna hata senti ya mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa, wala ya kuunganisha bomba. Nilipouliza maji yatatoka wapi, nikajibiwa kwamba hilo ni jukumu la shule.

Kilichonichoma zaidi nilikikuta kwa bahati tu. Nilikuwa nikitafuta risiti kwenye mfumo wa uhasibu, nikaona mradi wetu umeandikwa chini ya "Matangazo na Mauzo". Na mimi ndiye niliyeagizwa kuandika hotuba ya mkurugenzi, ile inayoanza, "Kwa upendo tulio nao kwa jamii inayotuzunguka..."

Shangazi, hapo hapo kiwandani tuna akina mama 46 wanaopakia sabuni. Wanalipwa kwa siku. Wengine wana miaka minne wakija kila alfajiri kusimama getini kumsubiri supavaiza awahesabu. Glavu wanajinunulia wenyewe soko la Gikomba, na sabuni ikiwa bado mbichi inawachuna vidole. Wengi wao wanaishi Mukuru na watoto wao wanasoma shule hiyo hiyo. Kwa hivyo siku ya sherehe watakuwepo, wamevaa fulana zetu, wakiimba. Kuna pia harufu kwenye mtaro wa nyuma ya ghala unaoelekea mto Ngong, ingawa sijui kama ni yetu au ya jirani.

Kaka yangu ananicheka. Anasema, "Tangi ni tangi. Mtoto akishika kikombe haulizi aliyeleta maji alikuwa na nia gani." Rafiki yangu tunayesali naye anasema nimekuwa mpiga tarumbeta wa wanafiki, wale wa Mathayo 6, na kwamba niache kazi hiyo kabla haijaniharibu. Lakini nina mkopo wa sacco na karo ya mtoto.

Bodi inakutana baada ya wiki tatu na nitatakiwa kuutetea mradi huu. Niutetee? Na msaada unaotolewa kwa ajili ya faida, bado ni msaada?

Dada wa CSR, Nairobi

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, nianze na mhasibu wenu. Mimi nilikaa na vitabu vya hesabu miaka mingi kabla ya kuanza kusoma barua za watu, na nakuambia huyo ndiye mkweli kuliko wote katika jengo hilo. Aliletewa gharama, akaitazama, akaona karibu theluthi mbili yake ni mahema na droni, akaiweka inapostahili. Hilo ni tangazo. Na tangazo si dhambi. Mvuvi akitupa chambo hatusemi amelisha samaki, lakini pia hatumwiti mwizi. Kinachokukera wewe ni kwamba umeambiwa usimame mbele ya samaki utoe hotuba ya upendo.

Sasa kaka yako na rafiki yako. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa kanga.

Rafiki yako anadhani jema likishaguswa na faida limeoza. Muulize daktari wa Hospitali ya Kenyatta anayepokea mshahara mwisho wa mwezi kama mgonjwa aliyepona amepona nusu. Muulize pia kuhusu M-Pesa. Ilipoanza Machi 2007 haikuwa sadaka. Ilikuwa biashara, ingawa serikali ya Uingereza ilisaidia gharama za kuijaribu. Lakini yaya wa Kileleshwa aliyekuwa akimpa utingo wa basi bahasha ya pesa ampelekee mamake Kakamega, kisha akakaa wiki nzima akiomba Mungu, aliondolewa wasiwasi huo na watu waliokuwa wakitafuta pesa. Mimi sijaona hafla ya hundi kubwa ya kadibodi iliyomfaa maskini wa nchi hii kiasi hicho. Kwa hivyo neno la bosi wako, kwamba shilingi irudi na mwenzake, peke yake halinitishi.

Kaka yako naye anasema mtoto haulizi nia. Leo hatauliza. Mwaka wa pili, koki ikivunjika na simu ya kampuni haishikwi, atauliza, hata kama hajui kwamba anauliza nia. Maana nia haionekani siku ya kukata utepe. Siku hiyo mwenye upendo na mwenye kutafuta wateja wanafanana kama mapacha. Inaonekana baadaye, katika matengenezo.

Kuna mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1785 kwa mfano wa muuza duka. Mtoto anatumwa dukani, hajui bei, na mwenye duka anamtoza sawa na mtu mzima. Vizuri. Lakini kwa nini? Huenda ni kwa sababu haki ni haki. Huenda ni kwa sababu mtaa ukisikia anawapunja watoto, wateja watahamia duka la ng'ambo. Kwa leo mtoto amerudi na chenji kamili, hakuna tofauti. Mimi nimeishi mitaa ambayo duka ni moja tu, na hapo ndipo nilipomwelewa Kant. Hakuna duka la ng'ambo, mtoto hajui bei, hakuna anayetazama. Aliyekuwa mwaminifu kwa hesabu hana tena hesabu ya kumshika mkono.

Kwa hivyo swali lako, kama msaada wa faida ni msaada, nalijibu hivi: ni msaada mpaka mahali ambapo faida na wema vinaachana njia. Wewe huna haja ya kumpasua bosi wako kifua. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini kampuni haina moyo wa kupasuliwa. Ina bodi, ina wanahisa na ina akaunti. Tafuta zile njia panda, kisha uangalie kampuni imekata kona ipi.

Na njia panda ya kwenu umenionyesha mwenyewe, ila umeiandika kama nyongeza. Ni zile glavu.

Nitakupa mfano wa kampuni iliyofika njia panda. Merck ya Marekani ilikuwa na dawa, Mectizan, iliyoweza kuzuia usubi, ule ugonjwa wa kuleta upofu kwa watu wanaoishi kando ya mito. Waliougua walikuwa maskini kiasi kwamba hapakuwa na bei ambayo wangeimudu. Mwaka 1987 kampuni ikatangaza kwamba itaitoa bure, kwa wote watakaoihitaji na kwa muda wote itakapohitajika, na ugawaji huo umeendelea kwa miongo. Utaniambia walipata sifa. Ndiyo, walipata, na hata mimi Nairobi nawasifu hapa, bila malipo. Lakini soma tena yale maneno, "kwa muda wote itakapohitajika". Idara ya mauzo haiandiki sentensi kama hiyo. Idara ya mauzo huandika "hadi mwisho wa kampeni".

Sasa tuje kwa yule ambaye nadhani bosi wako angempenda, Milton Friedman, mchumi wa Marekani. Tarehe 13 Septemba 1970 aliandika makala katika jarida la gazeti la New York Times akisema jukumu la kijamii la biashara ni kuongeza faida. Watu humtaja kana kwamba aliwapa matajiri ruhusa ya kila kitu. Wengi hawakuimaliza makala yenyewe. Kwanza, alisema faida itafutwe ndani ya kanuni za jamii, zile za sheria na zile za maadili pia. Pili, alisema wazi kwamba kampuni inayofuata maslahi yake ikijivika vazi la uwajibikaji kwa jamii inafanya unafiki, na kwamba anawaheshimu wale wanaoiona mbinu hiyo kuwa inakaribia ulaghai. Kwa hiyo hata huyo, bingwa wa faida, hotuba yako ya "kwa upendo" angeikunjia uso pamoja na rafiki yako wa kanisani. Sikutegemea kuwaona hao wawili kwenye benchi moja.

Friedman alikuwa na swali jingine ninalolipenda: meneja anayegawa misaada anagawa pesa za nani? Yeye alimaanisha za wanahisa. Mimi nalichukua swali lile lile nalileta Lunga Lunga Road, huko kwenu Industrial Area. Kama mama amefanya kazi kwenu miaka minne na bado anahesabiwa getini kama mgeni, hana likizo ya malipo, glavu anajinunulia, basi sehemu ya zile milioni 2.6 imetoka mfukoni mwake. Halafu anavishwa fulana aje kushukuru. Hilo, mwanangu, ndilo lililonifanya niweke barua yako chini nikachemshe chai kwanza.

Maana hapa hatuzungumzii wema tena, tunazungumzia deni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kutarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Kupakia sabuni kulikwisha lini? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa hivyo usikubali mtu mwerevu kwenye kikao aseme, "Basi glavu tuziweke kwenye bajeti ya CSR." India wana sheria ya 2013 inayozilazimu kampuni kubwa kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa shughuli za jamii, na hata wao hawakubali kampuni ihesabu humo shughuli zinazowafaa wafanyakazi wake peke yao. Unachowadai watu wako hukilipi kwa jina la zawadi.

Haya, wiki tatu. Kazi usiache sasa. Ukiondoka, mtu mwingine ataandika ile hotuba, na huenda asijali mifereji ya paa.

Nenda shuleni kabla ya kikao, bila kamera, ukamwone mwalimu mkuu. Muulize paa lipi lina mabati mazuri, maji ya bomba hufika siku zipi, nani atashika ufunguo wa koki. Ukiwa Mukuru tayari unajua maji hununuliwa kwa mtungi. Tangi tupu la lita 10,000 ni kivuli tu cha watoto kuchezea. Rudi na gharama halisi ya mifereji, bomba na fundi wa kupita kila muhula. Kisha kata droni. Kata mahema, watoto wana miti au wana madarasa. Nina hakika 1,700,000 ikikatwa nusu utabakiwa na pesa za kuyafanya matangi hayo yatoe maji, na bado wanahabari wawili watakuja.

Ukifika kwa bosi, zungumza naye lugha yake. Watu wa dini huona hapo ni kujiuza. Mimi naona ni adabu ya kumsemesha mtu kwa lugha anayoielewa. Mwambie: sisi tunauza sabuni, na sabuni bila maji haina kazi. Shule yenye maji ni watoto mia kadhaa wanaojifunza kunawa mikono na kurudi nyumbani kuwasumbua mama zao wanunue mche wa sabuni. Tarehe 15 Oktoba kila mwaka, tangu 2008, ni Siku ya Kimataifa ya Kunawa Mikono, na watengenezaji wa sabuni wamekuwa ndani yake tangu mwanzo, wala hakuna anayejifanya hajui kwa nini. Kuhara kunapungua, sabuni inauzwa. Hapo shilingi yake inarudi na mwenzake na mimi sina neno.

Kisha mfikishe kwenye njia panda. Mwambie kwamba kamera zikienda Mukuru, mwandishi mmoja mdadisi akamuuliza mama mwenye fulana yetu "wewe unafanya kazi wapi?", habari ya kesho haitakuwa matangi. Mwambie akina mama 46 wakienda pamoja kwenye Mahakama ya Ajira, Milimani, wakili wao hatahitaji droni. Mkumbushe pia kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya 2015, kinachomtaka mkurugenzi, anapotafuta mafanikio ya kampuni, azingatie maslahi ya wafanyakazi na athari za shughuli zake kwa jamii na mazingira. Ni sheria ya nchi anamofanyia biashara.

Utaona nimekupa sababu za faida ili afanye jambo la haki. Najua. Akiwapa mikataba kwa kuogopa kesi, mama wa getini atalala akijua kesho ana kazi, na usingizi huo siuulizi nia. Ila wewe utakuwa umejua bosi wako ni muuza duka wa aina gani, na utajua ni lini usimpe mgongo.

Hotuba iandike upya. Jaribu hivi: "Kampuni yetu inatengeneza sabuni, na tungependa mlijue jina letu. Tumeleta matangi manane, mifereji na mabomba. Fundi wetu atapita kila muhula kwa miaka mitano. Namba yake imebandikwa kwenye tangi. Asipokuja, tupigieni sisi." Hakuna upendo ndani yake, na hakuna uongo. Akikataa ile ya miaka mitano lakini akataka upendo urudishwe, utakuwa umepata jibu ulilokuwa ukilitafuta bila kumuuliza.

Kuhusu ile harufu ya mtaro, uliyoitupia mwishoni kama mtu anayefuta mikono: usiiache hapo. Kiwanda kinachotiririsha maji taka kwenda mtoni kinahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na vipimo vya mara kwa mara. Omba kuviona, kwa barua pepe, kwa lugha ya kawaida kabisa: unaandaa ripoti ya jamii na unahitaji takwimu za maji. Vikiwa safi, umepata kitu cha kweli cha kuandika. Ukiambiwa uandike ni safi bila kuoneshwa, hapo ndipo ninapobadilisha ushauri wangu wa kutoacha kazi. Mto Ngong unapita katikati ya Mukuru, na kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu, mkazi wa bondeni akiwemo, haki ya mazingira safi. Huwezi kuleta maji kwa lori mchana na kuyaharibu kwa mtaro usiku, halafu jina lako ndilo liwe chini ya ripoti. Anza sasa kuweka nakala za unachoagizwa, na anza polepole kuulizia kwingine. Mkopo wa sacco hulipika hata kwa mshahara wa kwingine.

Rafiki yako wa kanisani usimkasirikie. Mathayo 6 aliyokutajia inamhusu mtu anayetoa cha kwake, na wewe hutoi cha kwako. Lakini mwombe jambo moja: badala ya kukuambia uache kazi, aje nawe Jumamosi kule shuleni mpime hilo paa.

Na mhasibu wenu mpe salamu zangu. Mwambie wakija kumwomba auhamishe mradi kutoka "Matangazo na Mauzo", kwanza awaulize mifereji iko wapi.

Shangazi